CHAN 2024

CHAN 2024 ni mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao tu. Licha ya jina, yalichezwa Agosti 2 hadi 30, 2025, baada ya kuahirishwa kutoka Februari. Wenyeji walikuwa Kenya, Tanzania na Uganda. Timu 19 ziligawanywa makundi manne, hesabu isiyogawanyika sawa: A, B na C yalikuwa na timu tano, huku D, lililochezewa hasa Zanzibar, likibaki na nne. Timu mbili za juu za kila kundi zilifuzu robo fainali, ambako wenyeji wote watatu walitolewa. Awali, Taifa Stars, timu ya Tanzania, ilikuwa imefungua dimba kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 Uwanja wa Mkapa. Mwishowe Morocco ilitwaa kombe katika Uwanja wa Kasarani, Kenya, kwa 3-2 dhidi ya Madagaska.