Brooke imekataa kung'oka: Majina mapya ya kampuni za chai na ulimi wa mwananchi

Abiria anayesafiri kwa matatu kutoka Nakuru kwenda Kericho hupita, kabla ya kufika mjini, kituo kinachoitwa Brooke. Makanga hulitaja jina hilo bila kufikiria mara mbili, na abiria hushuka. Kampuni iliyokipa kituo hicho jina haipo tena kwenye mabango. Tangu ilipoondoka, mabango ya mashamba yaleyale yamepakwa rangi upya zaidi ya mara moja, kila mara kwa jina na nembo tofauti. Mwananchi naye ameshikilia jina la zamani kana kwamba hakuna aliyempasha habari.

Kwa nini hali iwe hivyo? Wataalamu wa mauzo watasema ni mazoea tu, yatapita. Mimi naona kuna zaidi ya mazoea. Namna watu wa Kericho na Bomet walivyoyapokea majina mapya ya kampuni za chai inatufundisha jambo kuhusu uhusiano wa ishara na maana, na pia kuhusu haki.

Tuanze na neno lenyewe. Leo tukisema nembo, wengi wetu tunafikiria picha iliyo juu ya barua rasmi ama kwenye pakiti ya sabuni. Lakini kamusi za zamani, ile ya Johnson ya mwaka wa 1939 ikiwemo, zinaeleza nembo kuwa alama ya kabila au ukoo, hasa chale zilizochanjwa mwilini. Nembo ilikuwa kitu cha ngozi. Haikubadilishwa kwa sababu mkurugenzi mpya ameajiriwa. Lipo pia neno chapa, lililotufikia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara ya nguo na uchapishaji, na ambalo wafugaji wetu wanalijua vyema kwa sababu ng'ombe hutiwa chapa ili mwenyewe ajulikane. Wakipsigis, kama Wakalenjin wengine, wana koo zinazotambulishwa kwa wanyama maalumu, na mtu hurithi alama ya ukoo wake kwa kuzaliwa. Kwa jamii yenye mazoea hayo, alama ni jibu la swali "wewe ni wa nani?" Ukibadilisha alama bila kueleza kama mwenyewe naye amebadilika, unazua shaka.

Sasa tuitazame historia. Brooke Bond ilianzia Manchester, Uingereza, mwaka wa 1869, pale Arthur Brooke alipofungua duka la chai. Wengi hudhani Bond alikuwa mshirika wake. Hapana. Hakukuwa na mtu aliyeitwa Bond. Brooke alilichagua neno hilo la Kiingereza lenye maana ya ahadi au dhamana, akikusudia kuwaambia wateja kwamba anawawekea ahadi ya chai bora. Kwa hivyo tangu mwanzo nusu ya jina hilo ilikuwa ahadi.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903 kule Limuru. Kilimo chake cha mashamba makubwa kilishika kasi Kericho miaka ya 1920, wakati Brooke Bond na James Finlay, kampuni yenye asili ya Scotland, zilipoanza kufyeka nyanda hizo za juu. Finlay haikutumia jina lake hapa kwa miaka mingi. Mashamba yake yalijulikana kama African Highlands. Ardhi yenyewe haikuwa tupu. Ilikuwa imetwaliwa chini ya sheria za kikoloni, na mwaka wa 1934 serikali ya mkoloni ikatunga sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba dhuluma za kihistoria zilitendeka. Madai hayo hayajaisha hadi leo.

Hebu ona majina yalivyogawana kazi. Mashamba na viwanda vilibaki na majina ya wenyeji: Chagaik, Kerenga, Jamji, Saosa, Kitumbe, Changana. Juu yake likakaa jina la mwenye mtaji. Chini ni mahali, juu ni mmiliki. Na hilo la juu ndilo limekuwa likibadilishwa.

Mwaka wa 1984 kampuni ya Unilever iliinunua Brooke Bond kote duniani. Kericho hawakuliona badiliko hilo mara moja, kwani bango lilikaa vilevile kwa miaka mingi. Ilikuwa ni katika miaka ya 2000 ambapo Brooke Bond Kenya iligeuka rasmi kuwa Unilever Tea Kenya. Mwaka wa 2004 Unilever ilizindua nembo yake mpya: herufi U kubwa iliyoundwa kwa alama ndogondogo 25, ambazo kila moja ilipewa maana yake. Kwa mbunifu ni kazi safi. Kwa mchumaji chai aliyebeba kapu mgongoni, ni herufi moja tu yenye madoido.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mnamo Novemba 2021 Unilever ilitangaza kuuza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners kwa yuro bilioni 4.5, na uuzaji huo ukakamilika Julai 2022. Biashara hiyo ilikuwa imepewa jina ekaterra, kwa herufi ndogo mwanzoni. Hilo halikudumu, likaja Lipton Teas and Infusions. Mwaka wa 2023 mashamba ya James Finlay nayo yalitangazwa kununuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na Mei 2024 ikatangazwa kwamba Browns hao hao wangenunua mashamba ya Lipton nchini Kenya, Rwanda na Tanzania. Kampuni mbili zilizotazamana kwa karibu karne nzima zikaelekea kukaa chini ya jina moja.

Jina ekaterra linastahili kudurusiwa na mwanaisimu. Terra ni Kilatini, maana yake ardhi. Silabi mbili za kwanza, katika sikio la Mkenya yeyote anayezungumza Kiswahili cha mtaani, ni eka. "Nina eka mbili," husema mkulima. Huenda waliobuni jina hilo hawakuwa na habari hiyo, wala hawakuwa wakiwalenga watu wa Kericho. Lakini hebu fikiria: mahali ambapo mgogoro mkubwa zaidi ni wa ardhi, bango linasomeka "eka" na "ardhi" kwa pamoja! Hivi ndivyo lugha inavyomcheza shere mtu anayebuni jina mbali na wale watakaolitamka.

Mwanaisimu Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa kinasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile kwa mti kuitwa mti. Kwa msingi huo kampuni ingeweza kujiita lolote. Lakini Saussure huyo huyo alisisitiza jambo la pili ambalo wenye kampuni husahau: ishara ikishakubaliwa na jamii, mtu mmoja hana uwezo wa kuibadilisha apendavyo. Jina ni mali ya wanaolitumia.

Ushahidi upo tele. Mwaka wa 2001 shirika la posta la Uingereza lilijiita Consignia. Watu walilicheka hadi mwaka uliofuata likatangaza kuliacha. Oktoba 2010 kampuni ya nguo ya Gap ya Marekani ilibadilisha nembo na kuirudisha ya zamani baada ya takriban wiki moja kutokana na malalamiko ya wateja. Hapa nyumbani tulikuwa na Kencell mwaka wa 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008 na Airtel 2010. Wakenya walizoea, lakini kwa mzaha: ati laini moja, majina manne. Kampuni ya umeme ilipojiita Kenya Power mwaka wa 2011, swali la mwananchi lilikuwa fupi: je, stima itaacha kupotea? Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini tofauti ipo kati ya mteja wa simu na mfanyakazi wa shamba la chai. Mteja akichukizwa na nembo, anahamia kwingine. Mchumaji anayeishi katika nyumba ya kampuni, ambaye watoto wake wanasoma shule ya kampuni na ambaye akiugua huenda zahanati ya kampuni, hana pa kuhamia. Kwake jina jipya linazua maswali mazito. Miaka yangu ya kazi itahesabiwa? Makubaliano ya chama cha wafanyakazi yatafuatwa na huyu mgeni? Nikiumia leo kwa kosa la jana, nitamdai nani?

Swali hilo la mwisho si la kufikirika. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi na jamaa zao walishambuliwa katika mashamba ya Unilever Kericho. Zaidi ya 200 kati yao walienda kudai haki London. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao. Jina lilikuwa moja, nembo ilikuwa moja, ile U yenye alama 25. Mbele ya sheria lakini, Unilever ya London na Unilever ya Kericho zilikuwa watu wawili.

Kisha Februari 2023 BBC ikatangaza uchunguzi wake kuhusu wanawake waliodhulumiwa kingono na wasimamizi katika mashamba ya Kericho, yale yaliyokuwa ya Unilever na yale ya James Finlay. Unilever ilisema imeshtushwa, lakini kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kuuza. Wanawake walikuwa palepale, mistari ya michai palepale, nyapara huenda palepale. Kilichokuwa kimehama ni jina. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mwananchi hataki kuliachilia jina la kwanza. Kuendelea kusema Brooke ni njia ya kushikilia uzi usikatike: mahali ni pale, ardhi ni ile, na deni kama lipo ni lilelile.

Upande wa wakulima wadogo tuna mfano wa kinyume, nao ni mzuri kwa mjadala wetu. Mwaka wa 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka wa 1964 ikawa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, KTDA. Mwaka wa 2000 serikali ilijitoa, mamlaka ikawa wakala, na umiliki ukaenda kwa viwanda ambavyo wenye hisa ni wakulima. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote niliyotaja. Je, herufi zilibadilika? Hata moja. Kwa Kiingereza neno la mamlaka na neno la wakala yote huanza kwa A, kwa hivyo KTDA ikabaki KTDA. Wakulima wa Kapkatet, Litein, Mogogosiek na Kapkoros wakaendelea kuisema vile vile, na wengi wao bado huizungumzia kana kwamba ni serikali, hasa msimu wa bonasi unapofika na malipo ya upande huu wa Bonde la Ufa yakawa chini ya yale ya upande wa mashariki.

Kwa hivyo tuna hali mbili. Huko mashambani makubwa jina lilibadilika mara kwa mara, na mchumaji hakuona hali yake ikibadilika. Huku kwa wakulima wadogo umiliki ulibadilika, na jina likaficha habari hiyo. Hali zote mbili zinamwacha mwananchi gizani.

Sisemi wenye mali hawana haki ya kuita mali yao watakavyo. Wala sisemi kila jina jipya ni hila. Wakati mwingine mmiliki mpya huja na mpango mpya kweli. Katika mauzo ya James Finlay, kwa mfano, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingetengewa ushirika wa jamii ya eneo hilo. Tena kushikilia jina la zamani kuna hasara yake. Mtu anayeendelea kusema anafanya kazi Brooke anaweza kufika mbele ya afisa wa leba bila kujua jina halali la mwajiri wake, na barua yake ikarudishwa.

Ndiyo maana naona suala hili ni la lugha kabla ya kuwa la rangi na michoro. Mabadiliko haya hutangazwa kwanza kwa Kiingereza, kwa magazeti ya biashara na kwa wenye hisa. Yanayowafikia wachumaji ni fulana mpya, kofia na bango. Kampuni inayobadilisha jina Kericho au Bomet ingepaswa kutoa waraka kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, usomwe kambini na kwenye vituo vya kupimia chai, ukijibu mambo manne: nani ameuza, nani amenunua, haki za wafanyakazi zinahamia wapi, na madai ya zamani yatapelekwa kwa nani. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha. Chama cha wafanyakazi na serikali za kaunti zina uwezo wa kuudai kabla ya bango la kwanza kupakwa rangi.

Hilo likifanyika, mwananchi ataamua mwenyewe aite vipi. Huenda bado atasema Brooke, na makanga bado atashusha watu pale. Lakini atakuwa anajua jina la mtu wa kumwandikia barua.