Kifyatulio cha Mbali Hakikuzaliwa Kiwandani

Tarehe 15 Juni 1878, huko Palo Alto, California, farasi jike aitwaye Sallie Gardner alipigwa picha 12 mfululizo bila mpigapicha kugusa kamera hata moja. Mpigapicha huyo, Eadweard Muybridge, alikuwa amepanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, na mbele ya kila moja akakatiza uzi mwembamba. Farasi alipopita shoti alizivuta nyuzi moja baada ya nyingine, na kila uzi ulipovutwa, shata ya kamera yake ilifyatuka. Mitambo ya umeme iliyofyatua shata hizo ilibuniwa kwa msaada wa John Isaacs, mhandisi wa reli ya Central Pacific. Tajiri Leland Stanford, aliyelipa gharama zote, alitaka kujua kama kuna wakati miguu yote minne ya farasi inakuwa hewani. Picha zilionyesha kuwa upo, tena ni pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo, si inaponyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuionyesha. Waandishi wa habari walikuwepo uwanjani. Mkanda wa tandiko ulikatika katikati ya mbio, na hasi zilipooshwa mkanda uliokatika ulionekana humo, kwa hiyo aliyetaka kudai kwamba picha zimechorwa akakosa pa kushika.

Kisa hiki husimuliwa kama mwanzo wa sinema, na ni haki yake. Mimi nakitumia kwa hoja nyingine: chombo cha kufyatua kamera kutoka mbali kilitengenezwa kwanza na watumiaji, na viwanda vikaja nyuma yao. Yupo atakayepinga, na hoja yake ina uzito. Mpira wa kubinya, uliosukuma hewa kwenye bomba hadi kwenye shata, ulitoka viwandani tangu karne ya 19, na kumbukumbu yake ni herufi B ambayo hata kamera za leo zinayo kwa picha za muda mrefu. Kisha ikaja waya inayoteleza ndani ya ala, aina iliyopewa hataza kwa jina la Ernest Bowden mwaka 1896, ndiyo hiyo hiyo ya breki za baiskeli. Ni kweli tupu. Ila tuangalie vyombo hivyo vilimhudumia nani. Vilimhudumia mpigapicha wa studio, aliyetaka kamera isitikisike huku yeye akiwa amesimama pembeni yake. Kidole kilisogezwa mita moja au chache zaidi, na uamuzi wa lini picha ipigwe ulibaki kwa mtu yule yule. Kuukabidhi uamuzi huo kwa tukio lenyewe, kwa kwato au kwa sauti, ni jambo ambalo hakuna duka lililokuwa likiliuza.

Waliolifanya baada ya Muybridge walikuwa wawindaji. George Shiras, mwanasheria wa Marekani aliyeiacha bunduki akashika kamera, alitega nyuzi katika misitu ya Michigan miaka ya 1890. Kulungu alipougusa uzi, unga wa magnesiamu uliwaka na shata ikafunguka kwa pamoja. Picha zake 74 zilichapishwa na jarida la National Geographic mwezi Julai 1906. Ujuzi wa Shiras haukuwa wa maabara, ulikuwa wa mtego, na mtego ni maarifa ya kale kuliko kamera kwa maelfu ya miaka. Mwindaji yeyote anayejua mnyama atapita wapi, na uzi ukazwe kiasi gani ili usifyatuke kwa upepo, tayari anayo nusu ya kazi.

Habari inayotugusa zaidi ni ya Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyefanya kazi hiyo usiku katika nyika za Umasai na pande za Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1900, nchi ilipokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1905 na kuwaonyesha wasomaji wa Ulaya simba na fisi usiku wakiwa porini, si ndani ya vizimba vya bustani. Hapa mpinzani wangu atacheka, kwa sababu Schillings hakuwa fukara: kiwanda cha Goerz cha Berlin kilimtengenezea mitambo, na wapagazi ndio walioibeba. Lakini sijasema kwamba kujitengenezea ni kazi ya maskini. Stanford naye alikuwa tajiri wa reli. Ninachosema ni kwamba hata mwenye fedha hakukikuta chombo hicho tayari. Ilibidi aeleze anachohitaji, akijaribu porini, akirekebishe. Lawama anayostahili Schillings ni nyingine: aliwafunga punda na ng'ombe hai kuwa chambo cha simba, na baadhi ya picha zake maarufu zilipatikana hivyo.

Wengine husema picha ambayo mtu hakubonyeza kitufe haina mwenyewe. Swali la nani mwenye picha liliwahi kumgusa Muybridge mwenyewe: mwaka 1882 Stanford alifadhili kitabu kilichotokana na picha za Palo Alto, jina la Muybridge likafifizwa, na aliposhtaki akashindwa. Mahakama iliamua ilivyoamua, lakini kwangu mimi mwenye picha ni yule aliyechagua mahali, kimo cha lenzi na urefu wa uzi. Farasi hakuchagua chochote kati ya hivyo.

Pingamizi la siku hizi ni jepesi zaidi: simu ina taima na rimoti ni bei rahisi, kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu taima huhesabu sekunde, haimngojei chui. Harold Edgerton wa chuo cha MIT alipoipiga picha risasi ikipenya tofaa mwaka 1964, kilichofyatua mwanga wake kilikuwa mlio wenyewe, ulionaswa na maikrofoni. Na kamera nyingi za kawaida zimeuacha mlango wazi. Kwenye modeli nyingi za bei ndogo za Canon, kwa mfano, tundu la rimoti hupokea pini ya milimita 2.5 yenye sehemu tatu: shina ni waya wa pamoja, pete ya katikati huamsha fokasi, ncha hufyatua shata. Fundi simu anayejua kulehemu hahitaji zaidi ya pini, waya na swichi mbili, na ile ya kufyatua iwe ya kujifunga ili shata ikae wazi kwa picha za nyota zinazozidi sekunde 30. Hofu ya kuunguza kamera ina msingi pale tu mtu anapoingiza umeme wa nje. Swichi tupu hugusanisha waya za kamera yenyewe. Anayetaka kuunganisha kihisi chenye betri atumie optokapla, ambayo hupitisha ishara kwa mwanga na kuzitenga saketi mbili.

Viwanda navyo vimefuata: kamera za mtego za leo hutoka humo zikiwa kamili, na kihisi cha joto kimechukua kazi ya uzi. Tangu 2010, katika Serengeti, watafiti walitandaza kamera 225 za aina hiyo kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Miaka mitano kabla yake, kamera za mtego katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, zilimnasa mnyama mdogo, sengi mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa imemwandika popote. Ana uzito wa gramu 700 hivi, na mwaka 2008 alipewa jina rasmi, Rhynchocyon udzungwensis.