Karatasi ya senti moja: historia ya kuponi za chakula Marekani

Mwaka 1888 Asa Candler, mfanyabiashara wa Atlanta, alianza kuinunua biashara ya Coca-Cola. Wakati huo kinywaji hicho kiliuzwa kwa glasi, senti 5, kwenye kaunta za maduka ya dawa, na watu wengi walikuwa hawajakisikia. Shida ya Candler ilikuwa kumpata mtu aonje mara ya kwanza. Akachapisha vikaratasi vya kumruhusu mwenye nacho anywe glasi moja bila malipo, vingine vikapelekwa majumbani kwa posta. Mwenye duka hakupata hasara, kwani aliletewa sirapu ya kufidia glasi alizozitoa bure. Inakadiriwa kwamba hadi mwaka 1913, Mmarekani mmoja kati ya tisa alikuwa amekwisha kunywa glasi ya namna hiyo.

Utaratibu huo haujabadilika tangu hapo: mwenye bidhaa analipa, duka linapitisha, mnunuzi anafaidi. C. W. Post wa Battle Creek, Michigan, ndiye aliyeuingiza jikoni, alipotoa kuponi ya senti 1 kwa wanunuzi wa Grape-Nuts, chakula chake cha asubuhi. Leo senti moja haiokotwi ikidondoka. Lakini katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, baba hana kazi na watoto wanataka kula, mama aliyekaa na mkasi juu ya gazeti alikuwa anaitafutia nyumba yake riziki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia supamaketi zikaenea, na kuponi zikawa nyingi kiasi kwamba mwaka 1957 kampuni ya Nielsen ilianzisha kituo maalumu cha kuzihesabu. Duka lilikusanya kuponi zake, likazituma, likarudishiwa thamani yake pamoja na senti chache za usumbufu. Siku hizi nyingi huandikwa senti 8 kwa kila kuponi. Kwa hiyo keshia anayenuna mteja akitoa kuponi hana sababu, maana duka lake linalipwa.

Kuponi za magazetini kila mtu alizijua. Zenye faida kubwa zaidi mara nyingi zilikuwa mle mle dukani, na wengi walizipita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viliwekwa kwenye rafu visanduku vidogo vyenye taa ya kumetameta, vinavyotoa kuponi moja, kisha vinasubiri kidogo kabla ya kutoa nyingine. Kuna zilizobandikwa juu ya boksi lenyewe, unazibandua na kuzitumia hapo hapo. Halafu kuna zile zinazotoka pamoja na risiti. Hizi zisingewezekana bila msimbopau, uliosomwa na mashine ya keshia kwa mara ya kwanza Juni 26, 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, juu ya pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Baadaye kampuni ya Catalina, iliyoanzishwa 1983, ikaunganisha mashine hiyo na printa. Umenunua nepi za kampuni moja, unachapishiwa kuponi ya kampuni shindani. Watu huikunja pamoja na risiti na kuitupa kwenye pipa la mlangoni, nayo ni pesa.

Siri kubwa kuliko zote imo kwenye maandishi madogo. Kuponi ya kiwanda hulipwa na kiwanda, kuponi ya duka hulipwa na duka, na maduka mengi hukubali zote mbili kwa bidhaa moja. Boksi la dola 4, ukitoa dola 1 ya kiwanda na senti 75 za duka, unalilipia dola 2 na senti 25. Na bidhaa ya ofa ikiwa imekwisha, omba cheti cha kukuwezesha kuinunua kwa bei ile ile ikifika. Maduka mengi hayakutangazii, ila ukiomba huenda ukapewa. Ndugu zetu waliohamia huko na kuanza maisha upya wangepaswa kuambiwa haya wiki ya kwanza.

Kwa miaka mingi viwanda vilikuwa vikitoa kuponi kwa mamia ya mabilioni kwa mwaka, na zilizotumika mara nyingi hazikufika hata 3 kati ya 100. Sasa karatasi yenyewe inaondoka. Punguzo limehamia kwenye programu za simu, na bibi wa miaka 80 asiye na simu janja anasimama mbele ya tangazo la bei nafuu ambayo haimhusu yeye. Huo ni uonevu, kwa sababu kuponi ilipata heshima yake kwa kuwasaidia watu wa aina yake. Mwaka 2025 jiji la San Diego, California, lilipitisha sheria ndogo inayoyataka maduka ya vyakula yenye punguzo la simu yawe pia na kuponi za karatasi kwa wanaozihitaji. Miji mingine ina kila sababu ya kufuata.