Hela zimetoka, watoto wako wapi?

Wadau, sisi wa magazetini tumezoea: fulani katoa mamilioni kwa ajili ya elimu, picha, makofi, basi.

Mwaka 2005 ulianzishwa Mfuko wa Elimu kwa Waroma. Si Warumi wa Biblia. Ni jamii iliyobaguliwa Ulaya kwa karne nyingi. Fedha ni jambo jema, lakini kilichonigusa mimi ni hesabu iliyotangulia, mjini Ostrava, Jamhuri ya Czech.

Mwaka 1999 wanaharakati walikusanya takwimu kwa walimu wakuu. Wakakuta uwezekano wa mtoto wa Kiroma kupelekwa shule maalumu, za wenye ulemavu wa akili, ni mara 27 ya mwenzake asiye Mroma. Watoto 18 wakafungua kesi. Novemba 13, 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa ushindi, majaji 13 kwa 4, ikizipokea takwimu kama ushahidi.

Kabla ya hukumu, sheria ilishafuta jina la shule hizo. Bila kuhesabu tena, utajuaje kama mtoto kahama darasa au kimebadilishwa kibao tu?

Siku hizi nikipewa habari ya msaada, nauliza: watoto wangapi, na wamekaa darasa gani?