Vitate vya l na r

Vitate vya l na r ni jozi za maneno ya Kiswahili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, *l* au *r*, huku maana zake zikiwa mbalimbali: *mahali* na *mahari*, *kalamu* na *karamu*, *kula* na *kura*. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, jozi hizo hutamkwa sawa, kwa *r*, na baadhi ya wasemaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kikuria, lugha ya Kibantu isiyotenganisha sauti hizo mbili. Katika maandishi, tahajia huondoa utata. Katika mazungumzo, maana hubainishwa na muktadha pamoja na upatanisho wa ngeli: *mahali hapa*, lakini *mahari hii*.