Nyanya Hajarogwa: Historia ya Ugonjwa wa Kusahau

Leo tunazungumza juu ya nyanya anayesahau sufuria motoni, anayepotea akirudi kutoka kisimani, au anayemwita mjukuu kwa jina la marehemu. Nikiwatembelea nyumbani, husikia watu wakinong'ona: "Amerogwa," au, "Yeye mwenyewe ni mchawi." Kule Kilifi na Kisii, wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa hivyo, mama mpendwa, fuatana nami katika historia hii.

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, Ujerumani, Auguste Deter, mama wa miaka 51, alilazwa hospitalini kwa sababu ya kupoteza kumbukumbu. Alipofariki mwaka 1906, Daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Lakini nyuzi zile zilikuwa nini?

Fikiria nyumba ya udongo: husimama kwa fito zilizofungwa kwa kamba. Seli ya ubongo pia ina fito zake, na protini iitwayo tau ni kama kamba yake.

Siri ilifichuliwa kwa kingamwili, wale askari wa mwili ambao chanjo huwafundisha kumlinda mtoto wako. Kila aina hushika kitu chake maalum. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi.

Mwaka 1986, huko New York, Inge Grundke-Iqbal, Khalid Iqbal na wenzao walitumia kingamwili inayoshika tau kuchunguza ubongo wa wagonjwa. Ilishika nyuzi chache tu. Walipoondoa kemikali iitwayo fosfati, nyuzi nyingi zaidi zikaonekana. Fosfati ilikuwa imefunika mahali pa kushikia! Leo tunajua kwamba tau ikibandikwa fosfati kupita kiasi huachilia fito, kisha hujisokota yenyewe.

Baadaye zikatengenezwa kingamwili zinazoshika tau yenye fosfati. Mwezi Mei 2025, Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachozitumia, kwa wenye dalili walio na miaka 55 na zaidi.

Mama, ugonjwa huu bado hauna dawa ya kuuponya. Lakini si uchawi, ni ugonjwa wa ubongo. Mpeleke mzee kituo cha afya, kwa maana kusahau kwingine hutokana na upungufu wa vitamini, tezi ya shingoni, maambukizi au huzuni nzito, na hayo hutibika. Nyumbani, zungumza naye polepole, usimgombeze, wala usimwache peke yake karibu na moto. Na jirani akinong'ona, mweleze haya uliyojifunza leo.