Kilio Huanza Mfiwa

Mwaka 2001 niliiba kanda ya Kalamashaka mara nne. Sikuingia dukani nikaficha kitu ndani ya koti, la. Rafiki yangu alikuwa amenunua *Ni Wakati* kihalali, na nyumbani kwetu Umoja tulikuwa na redio ya kaseti mbili. Unatia kanda halali upande huu, tupu upande ule, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unangoja. Nilitoa nakala nne, nikaziuza shuleni shilingi 50 kila moja. Nilijiona mwanaharakati. Si nilikuwa naeneza ujumbe?

Kwa wale waliozaliwa juzi, wacha nirudi nyuma kidogo.

Dandora ilianza katikati ya miaka ya 70 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa ploti yenye maji na choo, nyumba akajijengea. Mwaka 1975 jiji lilifungua jaa lake la taka papo hapo. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, mwaka ule ule wa kanda yangu, lakini malori hayajaacha kuja hadi leo. Ukikulia mahali ambapo Nairobi nzima inatupa uchafu wake, siasa huhitaji kufundishwa. Unainusa asubuhi ukienda shule.

Huko ndiko walikotoka Kama, Oteraw na Johnny, yaani Kalamashaka. Walipotoa *Tafsiri Hii* mwishoni mwa miaka ya 90, rap nyingi ya Nairobi ilikuwa ya Kiingereza, na wengi wa walioichana waliigiza lafudhi ya Marekani ambako hawajawahi kukanyaga. Hawa watatu walikuja na Kiswahili cha mtaa wao, wakasema wanachokiona. Moi bado yuko Ikulu, polisi bado wanafagia vijana jioni, na hapa kuna jamaa wanayasema haya kwa lugha ambayo mama muuza mboga anaielewa. Sisi wa Eastlands tulishtuka. Hatukujua kama inaruhusiwa.

Vijana wengine walijikusanya karibu nao, kundi likawa kambi, na kambi ikajiita Mau Mau. Jina hilo tulilizoea upesi mno, tukasahau uzito wake. Wakoloni walipiga Mau Mau marufuku mwaka 1950. Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, Kenyatta akatawala, Moi akatawala, na marufuku ile ikabaki kwenye vitabu vya sheria. Iliondolewa mwaka 2003. Kwa hivyo wasee wa Dandora walikuwa wakilibeba jina la wapiganaji wa msituni wakati taifa lenyewe lilikuwa bado halijawasafisha kisheria. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya jiji mwaka 2007. Wanahip hop walitangulia.

Kutoka Mombasa nako kukaja Ukoo Flani, akina Sharama na Cannibal, na kambi mbili zikaungana: Ukoo Flani Mau Mau. Nairobi ilileta Sheng yake, Pwani ikaleta Kiswahili cha watu waliozaliwa na vina masikioni.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2002 *Unbwogable* ya Gidi Gidi Maji Maji ikawa wimbo wa Narc, na Desemba Kanu ikaangushwa. Tulicheza hadi barabarani. Muziki wa vijana ulikuwa umeshinda uchaguzi, au hivyo ndivyo tulivyoamini. Miezi haikuwa mingi. Kufika 2004 gumzo lilikuwa Anglo Leasing, mabilioni ya pesa za umma na kampuni hewa. Na mwaka huo huo ndipo Ukoo Flani Mau Mau walipotoa *Kilio cha Haki*, mkusanyiko wa sauti nyingi uliorekodiwa kwa msaada wa Waholanzi.

Nilikuwa nimemaliza shule. Nakala yangu ilichomwa saiba moja mjini, jina limeandikwa juu ya CD kwa kalamu ya wino mweusi. Ndiyo, tena. Niliisikiliza mpaka ikaanza kuruka.

Ilipokelewaje? Wanasiasa hawakuitaka. Wimbo wa kushangilia ushindi una mwenyewe, lakini nani angelipeleka malalamiko kwenye jukwaa la kampeni? Serikali haingejiimbia mashtaka, na upinzani ulikuwa umejaa watu waliotuacha Dandora tulivyo. Redio nilizosikiliza jioni zilikuwa na genge na kapuka, na sitazilaumu, hata mimi nilizicheza. Kisha kulikuwa na wale wa vibarazani, wasomi wa mtaa, waliosema: hizi ni story za wazungu. Wamepewa doo walie, wanalia.

Neno hilo la mwisho liliniuma, na nilikosa jibu kwa miaka mingi. Jibu lilikuwa kwenye methali niliyoikariri kidato cha pili: kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa alianza. Alianza miaka ya 90, bila Mholanzi, bila studio ya maana, wakati kusema kulikuwa na hatari. Wa mbali waliingia 2004, na waliingia na mchango mkononi. Kwa hiyo swali la wale wa vibarazani lilikuwa halali, ila waliuliza vibaya. Badala ya kuuliza kwa nini wageni wamekuja matangani, wangeuliza majirani walikuwa wapi.

Mimi ni jirani. Nilikuwa pale. Nilijua kila mstari, nilizipeleka kanda kwenye bweni ambako watoto wa Murang'a na Busia walijifunza Dandora iko upande gani wa dunia. Hilo lina thamani, na bila nakala zile pengine wasingesikia kamwe. Lakini tusidanganyane. Pesa za chipsi nilikuwa nazo. Nilikula matangani, nikalia kwa sauti kubwa kuliko mfiwa, na nikaondoka bila kuandika jina kwenye daftari la mchango.

Mwaka 2006 walitoa *Dandora Burning*. Baadaye wengi wao waliendelea kila mtu kivyake, na miaka ilipita wengine wakiheshimiwa sana na kulipwa kidogo. Heshima hailipi nyumba.

Siku hizi nikikaa na wa rika langu, lazima mmoja aseme hip hop ya sasa haina ujumbe, kwamba K-Shaka ndio walikuwa wanaume kamili, ile ndiyo ilikuwa muziki. Wote huitikia kwa kichwa. Mimi humuuliza tu alinunua kanda gani, na alinunua wapi. Kimya huingia hapo, kila mtu akaitazama chai yake. Nami naitazama yangu, nikihesabu: nne mara hamsini, mia mbili.